Nyuzi za Bluu za Kidato cha Nne

Jumanne, kipindi cha pili, Mwalimu Leonida aliweka beseni la plastiki juu ya meza na kuwaambia wanafunzi arobaini na watatu wa Kidato cha Nne wafunge madaftari. Ndani ya beseni kulikuwa na nyuzi za sufu, nyekundu na za bluu. Alikuwa amezipata kwa kufumua masweta manane ya mitumba, kazi iliyomchukua jioni tano. Nje, ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye mashamba ya mbaazi, na wanafunzi wa madawati ya dirishani walikuwa wameficha viganja ndani ya mikono ya masweta yao.

"Kila mmoja achukue nyuzi nne," alisema. "Mbili nyekundu, ndefu na fupi. Mbili za bluu, ndefu na fupi. Nyekundu umepewa na mama. Za bluu umepewa na baba. Hizo ni kromosomu zako. Unazo nyingi zaidi ya hizo, lakini masweta yameishia hapo."

"Madam, na kama baba hayupo?" aliuliza Patrisi, ambaye katika kila kipindi aliuliza swali moja ili darasa licheke.

"Yupo. Bila yeye usingekuwa na mdomo wa kuniulizia."

Darasa lilicheka, kisha likachukua nyuzi. Kwa mujibu wa mwongozo, somo lilipaswa kufundishwa kwa Kiingereza. Leonida alilifundisha kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka lieleweke.

"Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume hauwezi kutoa nyuzi zote," alisema. "Ungetoa zote, mtoto angekuwa na nyuzi mara mbili ya mama yake, na mjukuu mara nne. Kwa hiyo zinapangwa jozi kwa jozi, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi. Kisha kila jozi inaachana, mmoja huku, mwingine kule. Hiyo ndiyo meiosisi. Mendel alipanda njegere akahesabu. Nyuzi hakuziona. Alisema tu kwamba kila sifa inabebwa na vitu viwili, na kwamba vitu hivyo vinaachana. Sisi tunajua kwa nini vinaachana. Vimekaa kwenye nyuzi."

Aliwaagiza wafunge fundo kwenye uzi mrefu mmoja na kitanzi kwenye mwenzake. Fundo lilikuwa ua la zambarau la ngwara, kitanzi kilikuwa ua jeupe. Ngwara, zao la jamii ya maharage, waliijua wote, kwa kuwa wote waliipalilia nyumbani.

"Fundo likikutana na kitanzi, ua ni la zambarau. Kitanzi hakionekani. Kimekufa?"

"Hapana, madam."

"Kiko wapi?"

"Kimekaa kimya."

"Kimekaa kimya. Sasa panda pamoja ngwara mbili za zambarau zenye vitanzi. Kwa wastani, katika kila mimea minne mmoja utatoa maua meupe. Mwenye shamba atasema mmea huo umetoka kwa jirani. Haukutoka kwa jirani. Ulikuwemo shambani mwake tangu mwanzo."

Alisema hivyo akitazama dirishani. Ng'ambo ya uwanja wa mpira lilionekana paa la bati jipya la Mzee Josephati, mwenyekiti wa bodi ya shule na baba wa Anitha, aliyekaa dawati la mbele.

Mwaka uliopita Leonida alikuwa akifundisha shule nyingine, upande wa Mbulu. Huko ndiko alikotumia nyuzi za sufu kwa mara ya kwanza, na huko nyuzi zilipotenganishwa ziliondoka darasani na kwenda kwa wenyewe, nyekundu kwa mama, za bluu kwa baba. Katika shajara ya somo aliandika: "Somo limeeleweka. Nyuzi zimefika." Mkuu wa shule alitia saini. Wiki iliyofuata Leonida aliomba uhamisho kuja hapa Daa. Mahali pa kuandika sababu aliandika kwamba alitaka kuwa karibu na familia.

Familia yake ilikuwa mtu mmoja, mama yake Dorkasi, na Dorkasi hakuishi Daa. Aliishi Oldeani, katika kambi ya vibarua wa shamba la kahawa. Miaka thelathini na sita iliyopita alikuwa msichana wa Daa mwenye mimba. Katika ukoo wake, msichana wa namna hiyo alitoka bomani kabla ya kujifungua, ili damu isiyo na mwenyewe isiingie ndani ya nyumba wala zizini. Aliweza kurudi siku ambayo mwanamume aliyemtaja angesimama kwenye lango la boma na kusema mbele ya wazee kwamba mtoto ni wake. Dorkasi alimtaja Josephati. Josephati aliitwa, akaja na shati jeupe, akasema hamfahamu. Wazee walimpa uji, akanywa, akaondoka. Dorkasi alitembea hadi Oldeani na kujifungua huko.

Tangu hapo alichuma kahawa. Wazazi wake walipokufa, alihudhuria maziko mara mbili akiwa amesimama nje ya uzio. Sasa kifua kilikuwa kinamsumbua, na alitaka kitu kimoja tu, kulala katika nyumba ya mama yake kabla ya kufa. Leonida alimtakia hilo. Zaidi ya hilo alitaka Josephati apelekwe kwenye lango lile mchana kweupe, na mtoto aliyemzaa ndani ya ndoa aone.

"Tenganisheni," alisema.

Wanafunzi walivuta nyekundu kushoto na za bluu kulia. Nyuzi hazikusimama. Zilijikunja na kujinyoosha kama viwavi, zikashuka kwenye madawati, zikaelekea mlangoni. Uzi mmoja mwekundu uliingia jikoni mwa shule, ambako mama wa mwanafunzi mmoja alikuwa akikoroga makande. Mama huyo alisogeza mguu ili uupande vizuri. Kwenye njia panda, madereva wa bodaboda waliinua miguu, wakasubiri zipite, wakaendelea kubishana kuhusu mpira.

"Madam, wa bluu wa kwangu umeshika njia ya Mang'ola," alisema Patrisi.

"Baba yako anafanya nini Mang'ola?"

"Alituambia yuko Arusha."

"Andika Mang'ola."

Leonida alikuwa amesimama kizingitini wakati uzi mrefu wa bluu wa Anitha ulipofika. Nyuzi za bluu zilizotangulia zilikuwa zimekata uwanja kuelekea maboma ya jirani, na huu nao ulipaswa kukata uwanja kuelekea kwenye bati jipya. Ulisimama, ukageuka, ukaelekeza kichwa barabara ya Karatu.

"Madam," alisema Anitha, "wangu umekosea njia."

Hilo Leonida hakuwa amelipanga. Alijua tangu Mbulu kwamba uzi ukikanyagwa hubaki kipande cha sufu na haukumbuki tena unakokwenda. Aliinua kiatu. Kiatu kilikaa hewani kwa muda wa kutosha kumfikiria Josephati akipewa habari hii pia. Kisha akakiweka chini, pembeni ya uzi.

"Uzi haukosei," alisema.

Anitha alikitazama kiatu. Halafu alichukua begi lake na kuufuata uzi wake.

Leonida alirudi mezani, akatoa mfukoni nyuzi zake mwenyewe na kuzitenganisha mbele ya darasa. Nyekundu zilishika njia ya Oldeani, ambako zilifika Ijumaa. Za bluu zilikata uwanja moja kwa moja kuelekea kwenye bati jipya. Darasa lilizifuata kwa mstari, daftari mkononi.

Mzee Josephati alikuwa uani akigeuza mbaazi juu ya turubai kwa reki. Mke wake Margareth, mwenyeji wa Rombo, alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta. Nyuzi mbili zilipanda buti la Josephati, zikapita juu ya mkanda wa suruali na kujizungusha kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, mrefu mara tatu, mfupi mara moja. Aliweka reki chini.

"Za nani hizi?"

"Zangu, Mwenyekiti. Mimi ni mtoto wa Dorkasi."

"Dorkasi yupi?"

"Wa Oldeani. Zamani alikuwa wa hapa."

Josephati aliutazama mkono, kisha mstari wa wanafunzi.

"Mmeshafika mada ya urithi?"

"Tumefika."

"Mwaka huu mmewahi."

Margareth aliacha kupepeta. Alipitisha macho kwenye mstari kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na Anitha yuko wapi?" aliuliza.

"Ameufuata uzi wake, Mama Anitha," alisema Patrisi, na safari hii hakuna aliyecheka. "Umekwenda Karatu."

Margareth aliinuka. Alikung'uta ungo, akaufunika juu ya kigoda, akaingia ndani.

Ripoti ya vitendo ya Anitha ilikuwa na kurasa mbili. Aliandika kwamba uzi wake ulifika Karatu mjini saa nane mchana, ukapita gereji tatu, ukaingia mtaa wa nyuma ya soko na kusimama kwenye ngazi ya nyumba ya Bwana Leodegar, dereva wa watalii. Mwenye nyumba hakuwepo. Alikuwa ameshuka kreta na wageni kuangalia wanyama. Uzi ulimsubiri siku mbili. Aliporudi aliuokota, akaupima kwa kiganja, akaufunga kwenye kioo cha ndani cha gari, akaenda kuchukua wageni wengine. Hitimisho la ripoti lilikuwa sentensi moja: "Mtazamaji anaweza kunja ulimi, Bwana Leodegar anaweza kukunja ulimi, Mzee Josephati hawezi." Leonida alisahihisha kitenzi kwa kalamu nyekundu na kumpa alama zote.

Jumamosi wazee sita walikaa mbele ya boma la Adrian, kaka wa Dorkasi, ambaye sasa ndiye aliyeshika nyumba ya wazazi. Leonida aliwekewa kiti upande wa nje wa lango, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ndani ya mimba ile. Josephati alikuja amekunja mkono wa shati bila kuombwa. Nyuzi zilipita kutoka jicho hadi jicho. Mzee mmoja aliyeona kwa shida alizigusa kwa kidole.

"Ni sufu," alisema.

"Uzi ni wa bluu, mkono ni wangu," alisema Josephati. "Sibishi."

"Basi simama langoni useme," alisema Leonida.

"Niseme nini, Mwalimu? Uzi umeshasema."

Leonida alimgeukia Adrian. "Mjomba, umesikia. Mwite mama arudi."

Adrian alikuwa mtu mpole. Alimjibu taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Mpwa wangu, uzi tumeuona, na hakuna anayesema si kweli. Lakini desturi inataka mtu asimame langoni aseme kwa mdomo wake. Langoni anasimama mtu. Hatujawahi kusimamisha uzi."

"Mlazimisheni."

"Desturi haina sehemu ya kumlazimisha mwanamume."

Wazee walikubali kwamba haina. Walimiminiwa chai. Josephati alikunywa kwa mkono wa kushoto, akaomba wasikilize na jambo lake. Alisema kwamba katika nyumba yake ameishi miaka kumi na saba na damu isiyo yake, na kwamba amelijua hilo Jumanne.

"Kuna mwanamume aliyekiri?" aliuliza mzee mwenye macho mabovu.

"Hakuna. Lakini uzi umekwenda Karatu, na mtoto mwenyewe ameandika kwenye daftari."

"Basi inatosha," alisema Adrian.

Leonida alisimama. "Mjomba, kwa mama yangu uzi hautoshi. Kwa huyu unatosha vipi?"

"Kwa mama yako tunazungumzia kumrudisha mtu," alisema Adrian. "Kwa mke wa huyu tunazungumzia kumtoa. Kumtoa ni kazi ndogo."

Hakukuwa na mengine. Kikao kilifungwa kwa sala.

Margareth aliondoka Jumapili baada ya ibada, na begi moja na chupa ya chai. Ndugu zake wa Rombo walijibu kwa simu kwamba walishamwoza mara moja na hawana chumba. Kambi ya vibarua Oldeani ilikuwa na chumba kimoja wazi, na kilipakana na cha Dorkasi. Leodegar alimpeleka hadi njia panda kwa gari lake, lakini hakuzima injini. Baba na mama walipoachana hivyo, Anitha alibaki Daa, kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa karibu na Josephati alisema jina lake limeshasajiliwa.

Nyuzi zilibaki kwenye mkono wa Josephati. Kila Jumanne, kipindi cha pili, zilikaza kidogo. Alijaribu mkasi, mkasi ukapinda. Alijaribu wembe, wembe ukakata shati. Kwenye zahanati, muuguzi alizitazama kwa makini na kusema kwamba hakusomea sufu. Josephati alianza kuvaa mikono mirefu na kuendelea na shughuli zake. Waumini waliendelea kumpa mkono, wa kushoto.

Leonida alihesabu zile Jumanne. Katika kipindi hicho alikuwa analiandikia darasa kazi ubaoni, kisha anasimama dirishani na kutazama bati jipya mpaka kengele igongwe. Aliamini kwamba maumivu yatafanya kazi ambayo wazee waliikataa. Jumanne ya nne alimwona Josephati ametoka uani, ameshika kifundo cha mkono kwa mkono mwingine, amekiweka kwenye pipa la maji. Alisimama hivyo dakika ishirini. Kisha akajifuta, akaenda kukagua mbaazi. Kuelekea kwa Adrian hakutazama.

Siku hiyo Anitha alibaki darasani wenzake walipotoka.

"Madam, ulijua?"

"Wa kwangu nilijua. Wa kwako sikujua."

"Kiatu ulikiinua."

Leonida alifuta ubao. Aliufuta wote, hata upande ambao haukuwa na maandishi.

"Nilikiinua," alisema.

"Kwa nini hukukanyaga?"

"Nilimfikiria yeye. Sikumfikiria mama yako."

Anitha aliitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyepata jibu lililokuwa linamkosesha alama. Alimsaidia kubeba beseni hadi ofisi ya walimu, na tangu siku hiyo hakumwamkia tena nje ya darasa.

Mwisho wa mwezi Leonida alikwenda Oldeani. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, hivyo sehemu ya mwisho aliimaliza kwa miguu, katikati ya safu za mibuni. Aliwakuta Dorkasi na Margareth wameketi kwenye ubao mmoja nje ya vyumba vyao, wanachambua maharage kwenye sinia moja. Nyuzi nyekundu za Leonida zilikuwa kwenye nywele za mama yake. Alikuwa amezisukia.

"Karibu, Mwalimu," alisema Margareth. Alisogea ili kumpa nafasi.

Leonida alimwomba msamaha akiwa bado amesimama. Aliusema bila kuuzungusha. Margareth aliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Umesema," alijibu. "Kaa basi."

Dorkasi alikohoa, akasubiri kifua kitulie.

"Nilikuwa nataka ruhusa ya kurudi nyumbani," alimwambia binti yake. "Umeniletea jirani."

"Bado, mama. Uzi unakaza. Ipo siku atakwenda langoni mwenyewe."

"Vidole vimevimba?" aliuliza Margareth.

"Viwili."

"Vya kuandikia?"

"Vya kuandikia."

Margareth alitupa jiwe moja dogo mbali, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. "Vikifika vyote vitano uje utuambie. Uje siku hiyohiyo, hata kama mvua inanyesha."

"Hata mkono wote ukikatika," alisema Dorkasi, "mlango wa mama yangu utakuwa pale pale na mimi nitakuwa hapa." Alisema bila hasira, akihamisha maharage mazuri upande wake wa sinia. "Lakini uje. Habari njema si nyingi huku."

Vidole vyote vitano vilivimba kufikia Novemba, na Leonida alikwenda Oldeani siku hiyohiyo, kwenye mvua. Josephati hakwenda langoni.

Matokeo yalipotoka, ilionekana kwamba swali la urithi lilijibiwa vizuri na darasa lote, na Anitha alikuwa wa kwanza. Bodi ya shule iliitisha kikao kumpongeza mwalimu wa somo. Kikao kilifunguliwa saa nne kamili. Mwenyekiti alisema kwamba walimu wa aina hii ni hazina, na kwamba beseni jipya litanunuliwa. Kisha alimwita Leonida mbele, akachukua cheti cha pongezi kutoka kwa katibu na kumkabidhi kwa mkono wa kushoto. Mbele ya wajumbe wote alimwomba samahani kwa jambo hilo la mkono, akaeleza kwamba wa kulia una matatizo. Wajumbe walipiga makofi. Leonida alipokea kwa mikono miwili. Katibu aliuliza kama samahani hiyo iandikwe kwenye muhtasari, na mwenyekiti akasema iandikwe.